Jina Lako Kwenye Ghala la Mjomba

Yona mwanangu,

Umetoka kwenda kuagana na wenzako wa kwaya, na kwa ninavyowajua hamtaachana kabla hamjarudia nyimbo zote. Kwa hiyo nina muda. Mambo ya kufua, kula na baridi ya Tunduma sitayaandika. Tangu miguu yangu ianze kuvimba wewe ndiye unayenipikia mimi, sioni cha kukufundisha huko. Nakuandikia kwa sababu ya sentensi moja aliyoisema mjomba wako jana kwenye simu, ulipoweka sauti ya juu ili nami nisikie. Alisema, "Ghala tutaliandika kwa jina la Yona. Kijana msafi, hana doa, nani atamsumbua?" Ulicheka kwa furaha. Mimi nilishika ukingo wa kitanda.

Maneno ya namna hiyo yalisemwa juu yangu zamani, na walioyasema ni watu wawili niliowaamini kuliko wote duniani. Hukuwahi kuambiwa. Nakuambia sasa kwa sababu daktari ameacha kunipangia tarehe za mbali, na kwa sababu ukifika kwa mjomba Elisha kitu cha kwanza atakachokupa ni kalamu.

Sikusoma Uganda, Yona. Sijawahi hata kuvuka mpaka. Ile miaka uliyoambiwa mama yuko masomoni, tangu ukiwa darasa la nne, nilikuwa gerezani. Nilihukumiwa miaka thelathini kwa kosa la kusafirisha bangi.

Nimeandika hivyo kisha nimekaa kitambo nikiitazama sentensi hiyo. Haifanani na mimi. Lakini niliisikia ikisomwa kwa jina langu kamili.

Unaikumbuka nyumba ya walimu kule Chemba, na stoo yake ya nyuma. Mjomba wako alikuwa ananunua alizeti, anakamua, mafuta anauza mjini na mashudu anawauzia wafugaji. Magunia ya mashudu alikuwa akiyashusha kwetu yakisubiri gari. Ni hayo uliyokuwa ukiyarukia mpaka ukajichana kidevu. Sikuwahi kumuuliza lolote. Ndugu akikuomba kona ya stoo, unaanzaje kumkagulia magunia?

Askari walikuja asubuhi, nikiwa nimekwisha kukutanguliza shule. Walikuja na mwenyekiti wa kitongoji, yule mzee aliyekuwa akitania kwamba utaoa binti yake. Hakutania siku hiyo. Alisema, "Mwalimu, niwie radhi, mimi nimeitwa kushuhudia tu." Walimwaga gunia moja, mashudu. La pili, mashudu. La tatu mashudu yalikuwa juu tu, kama kifuniko, na chini yake kulikuwa na majani yaliyokaushwa na kushindiliwa. Nikaletewa karatasi ya vitu vilivyokamatwa, nikatia sahihi bila kuisoma. Mimi, niliyekuwa nikiwagombeza wanafunzi kila mwaka kwa kujibu swali kabla ya kulisoma.

Nilidhani Elisha atakuja mchana huo huo kueleza. Hakuja. Aliyekuja mahabusu ni bibi yako, mama yangu, amejifunga kanga ya msibani.

"Elisha ameniambia," alisema. "Ni mzigo wake. Kuna watu walimwingiza."

"Basi aje aseme."

"Yusta, ana watoto wanne, na mkewe ana mimba. Wewe una mmoja. Halafu wewe ni mwalimu, jina lako ni safi. Hakimu akikuona atakuonea haya. Elisha amemuuliza wakili, wakili anasema ukikubali ni faini. Kubali, yaishe."

"Mama, hii ni serikali. Si kikao cha ukoo."

"Serikali nayo si watu?"

Huenda utanishangaa, na vijana wa siku hizi mna haki ya kushangaa. Lakini umekulia kwa Wagogo, unajua tunavyofanya. Balaa likiingia kwenye ukoo hatuanzi kutafuta nani kafanya. Tunatafuta nani atabeba. Anabeba asiye na doa, kwa sababu wazee wa upande wa pili wataona haya kumtoza sana. Kijana akilisha ng'ombe kwenye mtama wa jirani, kaka yake anayeheshimika ndiye anayekwenda kusema, "Ni mimi, nisameheni." Anatoa mbuzi, watu wanakula, hakuna anayeuliza tena. Nilimwona baba yangu akibeba hivyo makosa ya wadogo zake, na kila alipobeba watu walimheshimu zaidi. Nilikua nikiamini kwamba huo ndio ukubwa.

Nikauchukua ukubwa huo nikaupeleka mahakamani. Kosa langu ni hilo. Sikuchanganyikiwa wala sikutishwa. Nilikuwa na shahada ya ualimu, nimefundisha uraia na mihimili mitatu ya dola, na bado nilisimama kizimbani nikidhani niko mbele ya wazee.

Karani alisoma shtaka. Hakimu akaniuliza kama ni kweli au si kweli. Nikasema, "Ni kweli." Kisha mwendesha mashtaka akasoma maelezo, jinsi gunia lilivyopatikana, wapi, mbele ya nani, na majibu ya maabara. Nikaulizwa tena. Hapo ulimi ulikataa kwenda mbali kama Bibi alivyotaka. Nilisema, "Ni kweli gunia limekutwa kwangu, mheshimiwa, ila mimi si mtu wa mambo hayo. Naomba mnisamehe." Nilisema "mnisamehe", kwa wingi, kama unavyowaambia wazee. Nikainama. Nilikuwa nasubiri nitajiwe mbuzi.

Hakimu aliandika kwa muda mrefu. Alikuwa kijana mpole, wala sina neno naye. Alisema sheria haimwachii nafasi. Aliposema miaka thelathini, aliyelia kwa sauti kuliko wote mle ndani alikuwa mjomba wako. Alikuwa amekaa benchi la nyuma. Watu walimshika mabega wakimpa pole.

Siku za mwanzo gerezani, hapa hapa Dodoma, ofisa alikuja akauliza nani anataka kukata rufaa, kwa sababu notisi hutolewa ndani ya siku kumi baada ya hukumu. Nikamwambia kwetu wamekwisha kuweka wakili. Ndivyo Elisha alivyoniambia alipokuja kunitazama; siku hizo alikuwa bado anaishi hapa mjini, hajahamia Tunduma, nawe ukikaa kwake. "Usisaini chochote, Dada, utamvurugia wakili kazi. Anazunguka na jambo hilo." Nikakaa. Siku kumi zikapita, miezi ikapita. Kila nilipomuuliza jina la wakili, alinijibu habari zako: Yona amepanda daraja, Yona ameota jino. Alijua nikisikia jina lako nitasahau swali.

Hakukuwa na wakili, mwanangu. Hakuwahi kuwapo.

Hilo nililijua siku walipokuja mawakili wa kujitolea kuwasikiliza wafungwa. Aliyeniangukia mimi alikuwa dada mdogo mwenye mafua, anapenga kila baada ya maneno mawili.

"Mama, ulikiri?"

"Nilikiri."

"Ukikiri rufaa inakuwa ngumu. Unaweza kulalamikia adhabu tu, na hiyo adhabu ndiyo sheria ilivyosema." Akapenga. "Ulisema nini hasa? Nipe maneno yenyewe."

Nikamwambia maneno yenyewe. Akaacha kupenga.

"Ulisema limekutwa kwako."

"Ndiyo."

"Ulisema ulijua kilichomo?"

"Hapana. Hilo sikuweza kulisema."

"Na wakili wenu ameliona hili?"

"Sijui. Sijamwona."

"Mama," alisema taratibu, "wakili ambaye hujamwona huna."

Yona, katika vitabu vyote nilivyosoma na kufundisha, sijakutana na sentensi iliyonifaa kama hiyo. Naiweka hapa kwa ajili yako. Mtu anayekusemea lazima umwone uso, umsikie akitaja jina lako mbele ya wengine. Anayesemwa tu kwamba yupo, hayupo.

Kwa kuwa muda wa rufaa ulikuwa umekwisha, ilibidi kwanza tuiombe Mahakama Kuu ituongezee muda, na niape kueleza kwa nini nilichelewa. Dada yule akaniuliza sababu. Nilitazama chini nikasema sikuelewa utaratibu. Ningeweza kusema ndugu yangu alinidanganya. Sikusema. Hata hapo nilikuwa bado nabeba.

Tulipewa muda, na rufaa ikasikilizwa hapa Dodoma. Jaji alisoma maneno yangu yale yale, tena polepole, na kwa mara ya kwanza niliyasikia yalivyo. Alisema mtu aliyekubali kwamba kitu kimekutwa kwake hajakubali kwamba alikijua, na kukiri kwenye utata si kukiri. Akafuta hukumu na adhabu, akaagiza jalada lirudi chini nisomewe shtaka upya. Sikurukaruka. Nilikuwa nimekwisha kujifunza kwamba mahakamani furaha ina hatua zake. Aliyeshinda rufaa ya namna hiyo anarudi tena kizimbani akiwa mshtakiwa kama siku ya kwanza, na safari hii usiseme hata neno moja zaidi ya unalolijua. Niliulizwa, nikajibu, "Si kweli." Maneno mawili tu.

Nikapewa dhamana. Sasa sikiliza aliyekuja kunidhamini. Alikuja mjomba wako, amevaa suti, ana barua ya mtaa na kitambulisho. Na mkononi alikuwa amekushika wewe. Ulikuwa umerefuka, suruali imekuishia juu ya kifundo. Alikuwa amekuambia mama amerudi kutoka Uganda na ana shughuli ya vyeti kwenye ofisi za serikali. Ulinisalimia shikamoo kama unavyomsalimia mgeni, kisha ukarudi kumshika mkono yeye. Watu wa kanisani waliokuwapo wakasema, "Ndugu ni huyu." Nilikuwa nimepanga kila neno la kumwambia Elisha mbele ya watu wote. Nilipoona vidole vyako ndani ya kiganja chake, nilimeza.

Kesi iliposikilizwa upya upande wa mashtaka ulileta mashahidi wake, na hakuna aliyeweza kueleza lile gunia lilikaa wapi na mikononi mwa nani kati ya siku lilipotoka kwangu na siku lilipofika maabara. Hakimu, safari hii mwingine, akasema sina kesi ya kujibu. Nikatoka mlango ule ule wa watu wote.

Wengi wanadhani hapo ndipo habari inapoishia. Nilikuwa nimefukuzwa kazi. Kurudishwa kulichukua barua nyingi na safari nyingi, na nakala ya hukumu nimeibeba kwenye pochi mpaka mikunjo yake ikatoboka. Ilinisaidia, sikatai. Nilirudi darasani, nimestaafu kwa heshima, na karatasi zangu hazina kosa. Lakini siku ya kwanza katika shule mpya, nilipokaa ofisi ya walimu, mwenzangu wa meza ya jirani alisogeza mkoba wake. Aliusogeza kidogo tu, huku akinikaribisha chai. Hakuna jaji wa kufuta jambo kama hilo.

Bibi yako alipokuwa anaumwa ugonjwa wa mwisho, nilimuuguza mimi. Siku moja nikimgeuza kitandani alisema bila kunitazama, "Elisha alijua ni miaka thelathini. Wakili alimwambia siku ile ile. Haikuwa faini."

Nikamuuliza, "Na wewe alikuambia lini?"

"Tukiwa njiani kuja kukuona. Yeye aliishia getini."

Nilimaliza kumgeuza. Nikamfunika. Nilikwenda nje nikasimama kwenye jua mpaka kichwa kikauma. Mama yangu mzazi aliingia mahabusu akijua. Alininunulia maandazi, akanishika shavu, akaniambia ni faini. Alikuwa na watoto wawili na akachagua. Kama angeniambia ukweli akaniomba nibebe miaka thelathini kwa ajili ya kaka yangu, sijui ningejibu nini. Huenda ningekataa, huenda ningekubali. Hakunipa nafasi ya kujua mimi ni mtu wa namna gani.

Nilimfuata Elisha baada ya mazishi. Nilimwambia ninayojua. Alikuwa anakula, hakuacha kula. "Dada, yaliyopita si ndwele." Methali nzuri kwa mtu ambaye hakuugua.

Unaweza kuuliza kwa nini nilinyamaza na wewe miaka yote hii. Nilijiambia nalinda utoto wako. Kisha nikajiambia nasubiri ukue. Ukweli ni kwamba niliogopa kupima ungemwamini nani. Kuna siku ulikuwa kidato cha kwanza, nikakukataza safari ya kwenda kwake, ukaniambia, "Mjomba ndiye alikuwa mzazi wangu wakati wewe unatafuta digrii. Tena hiyo digrii ya Uganda mbona hatuioni ukutani?" Halafu ukaomba msamaha kabla ya chakula, kwa sababu una moyo mzuri. Nilikupa nyama kubwa. Lakini nilijua kwamba kwenye moyo wako mimi ndiye niliyeondoka, na yeye ndiye aliyebaki. Alinichukulia miaka yangu, na katika miaka hiyo hiyo akakuchukua wewe. Hili la pili ndilo sijaweza kulisamehe, na sitajidai nimelisamehe kwa kuwa tu naumwa.

Leo mchana, ulipokwenda kukata tiketi, nilimpigia.

"Elisha, toa jina la mwanangu kwenye ghala."

"Dada, hayo ni mawazo ya ugonjwa. Ni ghala la mahindi."

"Kama ni la mahindi liandike jina lako."

"Jina langu lina mambo ya kodi, unajua biashara."

"Una watoto wanne wakubwa. Wote wana majina."

Nilisikia magari nyuma yake. Kisha akasema, "Kwa hiyo utamwambia."

"Namwambia."

"Mwambie. Ataniamini mimi. Nani alimlea?"

Nikakata simu. Sikukata kwa hasira, Yona. Nilikata nikatafute karatasi na kalamu.

Sijui kitakachowekwa kwenye ghala hilo. Huenda ni mahindi kweli. Watu hubadilika, na mjomba wako amekulisha, amekusomesha, na amekupenda. Hilo nimeliona kwa macho yangu na sitakunyima. Lakini jina lako likiwa mlangoni, kila kilicho ndani ni chako mpaka utakapothibitisha vinginevyo, na kuthibitisha kunakula miaka. Siku watakapokuja askari hawatauliza nani alikulea. Utakuwa wewe, miaka kumi na tisa, na watu wanaokupenda watakuzunguka wakikuambia ukubali kwa kuwa wewe ni msafi. Nikikaa kimya, nami nitakuwa nimekuja kukuona mahabusu na maandazi mkononi, nikijua.

Sikukatazi kwenda. Nilinyimwa ukweli nikachagua gizani. Sitakunyima wewe kisha niite ulezi. Ukitaka kwenda kufanya kazi kwake bila jina lako kuandikwa popote, nenda, umwambie hivyo mwenyewe. Ukitaka kubaki, chumba ni chako. Ukitaka kuniona mwongo, napokea, maana nilikudanganya miaka mingi kuhusu Uganda, na aliyedanganywa ana haki ya kuhesabu upya kila alichoambiwa.

Ninaomba jambo moja. Nitakupa barua hii mkononi asubuhi, ukishaoga. Usiiweke kwenye begi ukasome ndani ya basi. Isome hapa, mezani, nikiwa nimekaa mbele yako. Basi likiwahi kuondoka, liondoke. Tiketi hukatwa tena. Ukimaliza kusoma, niulize. Niulize kwa ukali unaotaka, hata maswali ambayo mtoto hamuulizi mama yake. Sitasema moyo unaniuma wala sitaomba kulala.

Mimi ni mama yako niliyekuwa kilomita chache kutoka ulipokuwa,

Yusta